Kaka amefungwa Pwani, sisi tuko Mumias. Je, familia ina haki yoyote hapa?

Mwana_Mumias

Wadau, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa ninyi mlio na mtu ndani au mliowahi kuvaa sare za magereza.

Kaka yangu mkubwa alihukumiwa Kakamega, kifungo kirefu. Hukumu sibishani nayo. Kesi ilisikizwa, rufaa ikagonga mwamba, yakaisha. Mwanzoni alikuwa akitumikia huku huku kwetu na mama alikuwa akimwona. Siku moja shemeji akaenda na sabuni, mafuta na tishu kama kawaida, akaambiwa langoni, "Huyo hayuko hapa tena." Yuko wapi? Kila aliyeulizwa alimsukumia mwenzake. Habari tulizipata baadaye kwa mfungwa aliyemaliza muda wake: kaka amepelekwa gereza moja la Pwani.

Watu wa huku mnaijua hiyo safari. Kisumu hadi Mombasa pekee ni zaidi ya kilomita 800, na hujahesabu Mumias hadi Kisumu. Mama ana presha na miguu inavimba akikaa kwenye gari hata saa mbili. Shemeji alipoenda ilibidi auze ndama. Akafika, akaongea na mumewe kupitia wavu, pande zote watu wanapaza sauti, na muda ukaisha kabla hajamwambia kwamba kijana wa kwanza amerudishwa nyumbani kwa karo. Mtoto mdogo anamjua baba kwa simu, na simu yenyewe ni mpaka afisa wa zamu akubali.

Hakimu alisema miaka. Pwani hakuitaja. Hiyo adhabu ya pili ilitoka wapi, na kuna mahali pa kuipinga?

Kondele_Juu

Pole ndugu, lakini jela si lojing'i uchague chumba. Angekuwa hapa mama yake anamletea samaki kila Jumamosi, hapo adhabu iko wapi?

Mkulima_Kitale

Mimi niko upande ule mwingine, na nitasema bila matusi. Kwetu tulimzika mtu. Aliyemuua alifungwa karibu, na kila wikendi tulikuwa tukiona jamaa zake wakipanda matatu na vikapu kwenda kumsalimia. Inauma. Alipohamishwa mbali, kusema ukweli tulipumua kidogo. Kwa hivyo mnapozungumzia familia, mkumbuke familia ziko mbili.

Mwana_Mumias

@Mkulima_Kitale nakuelewa, na pole sana. Sitaki kaka afunguliwe hata siku moja kabla ya wakati. Ninachouliza ni kuhusu mama na watoto, ambao hakuna mahakama iliyowahukumu.

Afande_Mstaafu

Nimehudumu magereza, Bonde la Ufa na huku Magharibi, mpaka nikastaafu. Wapi hasa sitasema. Niwaeleze inavyokwenda.

Hakimu hutoa kifungo. Utakitumikia gereza gani, hilo liko mikononi mwa idara, na kwa sheria Kamishna Mkuu wa Magereza ana mamlaka ya kumhamisha mfungwa kutoka gereza moja hadi jingine. Kifungo kirefu kwa kawaida humpeleka mtu kwenye ulinzi mkali: Kamiti, Naivasha, Shimo la Tewa, Manyani, King'ong'o kule Nyeri. Kisumu pia inapokea hao. Sasa Kisumu ikijaa, unafanyaje? Magereza yetu mengi yalijengwa enzi za mkoloni kwa watu wachache, leo yanabeba umati. Basi linapakiwa, linaenda penye nafasi.

Sababu ya pili ni usalama. Washirika wa kesi moja huwa tunawatenganisha. Mtu akikutwa na simu seli anawatapeli wananchi, anahamishwa. Akianza kuwa na "serikali" yake ndani, anahamishwa. Na msisahau wale watatu wa kesi za ugaidi waliotoroka Kamiti Novemba 2021. Maafisa walikamatwa kwa sababu yao. Baada ya jambo kama hilo kila mkuu wa gereza analala macho wazi, na akiwa na shaka na mtu, njia rahisi ni kumtoa mikononi mwake.

Kwa hivyo si kila uhamisho ni uonevu. Lakini katika miaka yangu yote sikumbuki mtu akiniuliza mama wa mfungwa anaishi wapi kabla gari halijawashwa. Na kuna jambo ambalo raia hawalijui: mfungwa anayetembelewa ndiye rahisi kumsimamia. Ana kitu cha kupoteza. Akijua mkewe anakuja mwisho wa mwezi hatapigana wiki ya tatu. Yule aliyesahaulika ndiye anayetusumbua, na ndiye akitoka anakaa mjini wiki moja halafu tunamwona tena, kwa sababu nyumbani hana wa kumfungulia mlango.

@Kondele_Juu, hao samaki wangeishia langoni. Chakula cha kupikwa kutoka nje mfungwa aliyehukumiwa hapewi.

Kondele_Juu

Haya afande, nimekubali samaki 😂

Mama_Kibanda_Nakuru

Mimi nauza chai na mandazi nje ya lango la gereza moja katika kaunti hii yetu ya Nakuru. Jina niachieni, bado nahitaji hiyo nafasi.

Simu haziingii ndani, kwa hivyo mimi ndiye benki ya simu. Nina boksi la katoni, kila simu naifunga kwa raba na kikaratasi chenye namba, nusu ya namba anabaki nayo mwenyewe. Ukitaka kujua nani ametoka mbali, angalia simu. Wa hapa Nakuru anakuachia simu ikiwa imewashwa. Wa mbali amezima tangu usiku ili chaji imfikishe, na anakuuliza kwanza kama una soketi.

Nimeona wengi. Kina mama wa Turkana, wazee wa Garissa, wasichana wa Migori na mtoto mgongoni. Basi linachelewa njiani, wanafika saa za kuona wafungwa zimepita, wanaambiwa warudi kesho. Kesho gani? Nauli waliyonayo ni ya kurudi. Wengine wanalala stejini wakikumbatia begi. Kuna mama mmoja alikuja na kitambulisho cha marehemu mumewe, cha kwake kilipotea, wakamkatalia, na sheria ndiyo hiyo, sikatai. Aliniachia ile sabuni na kanzu ya ndani nimpe "mtu yeyote mwenye huruma aingize". Nilimtafutia.

Ila jambo moja lazima niliseme. Wale askari wa langoni si wote wabaya. Kuna mmoja akiona tiketi ya basi ya mbali anampigia simu mwenzake ndani, na mgeni anaongezewa muda. Lakini huo ni moyo wake. Akienda likizo, umeenda nao.

Bondeni254

@Mama_Kibanda_Nakuru barikiwa. Nyanya yangu aliwahi kuacha simu kwa mtu kama wewe.

Msaidizi_wa_Sheria_Ksm

Hapo aliposema mama, "huo ni moyo wake", ndipo penye shida yote. Mimi si wakili, ni msaidizi wa sheria hapa Kisumu. Nitajibu swali la mwenye uzi.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 51, inasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote zilizo kwenye Sheria ya Haki, isipokuwa ile ambayo kwa wazi haiwezi kwenda pamoja na kule kufungwa kwake. Kutembea atakako, hiyo imeondoka. Kuwa baba haikuondoka. Kifungu cha 45 kinaitambua familia kama msingi wa jamii unaostahili kulindwa na serikali, na cha 53 kinampa mtoto haki ya malezi ya wazazi wote wawili. Hiki cha 53 ndicho ningekishika kwanza, kwa sababu mwenye haki hapo ni mtoto, na mtoto hakuiba wala kuua.

Kilomita ngapi ni nyingi mno? Katiba haisemi. Kimataifa ndiko utakuta maneno ya moja kwa moja. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinasema katika Kanuni ya 59 kwamba wafungwa wapelekwe, kadiri inavyowezekana, magereza yaliyo karibu na kwao au na pale watakaporudi kuanzia maisha. Kanuni ya 68 inampa mfungwa haki ya kuijulisha familia yake mara moja anapohamishwa. Kwa hivyo shemeji kushtukizwa langoni ni kasoro yenyewe, hata kama uhamisho ulikuwa na sababu nzuri.

Kanuni hizo si mkataba uliotiwa saini, ni mwongozo. Mawakili huzitumia kumsaidia jaji kusoma Katiba, si kama rungu.

Wenzetu wa Ulaya wamelipigania hili mahakamani. Tajiri wa mafuta wa Urusi, Mikhail Khodorkovsky, alihukumiwa Moscow mwaka 2005, akapelekwa Krasnokamensk, huko Siberia ya mashariki karibu na mpaka wa Uchina. Serikali ilijitetea kwamba magereza ya Moscow yamejaa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, iliamua mwaka 2013 kwamba haki yake ya maisha ya familia ilivunjwa. Ilikubali kwamba msongamano ni tatizo la kweli, lakini ikasema mgao wa wafungwa hauwezi kuachiwa maafisa peke yao bila kupima hata kidogo uhusiano wa mtu na watu wake. Mwaka 2014 ikaja ya Ukraine, kesi ya Vintman. Huyo alikuwa zaidi ya kilomita 700 kutoka kwa mama yake mzee na mgonjwa, akaomba kusogezwa, akakataliwa, akaomba tena. Akashinda. Pima hizo 700 na zenu.

Wafungwa hawashindi kila mara. Hispania iliwatawanya wafungwa wa ETA, kundi lililopigana kwa silaha ili Basque ijitenge, mbali na nchi ya Basque kwa miaka mingi, na mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo ilikataa lalamiko la mmoja wao, kwa kuwa kulikuwa na sababu ya kuvunja nguvu za kundi lile ndani ya jela. Kwa maneno mengine umbali unaweza kuruhusiwa, lakini sababu iwepo, iwe ya mtu huyo hasa, na ipimwe.

Kondele_Juu

Hiyo ni Ulaya. Strasbourg haijui Mumias iko wapi. Hapa kwetu anafanyaje?

Mzee_wa_Kimilili

Kabla msaidizi hajajibu, niruhusuni mimi mzee. Hili la kumpeleka mtu mbali na kwao halikuanza na msongamano. Mkoloni alilitumia kwa makusudi. Mwaka 1934 aliwang'oa Talai kutoka Kericho, ukoo mzima, wake kwa watoto, akawatupa Gwassi kando ya ziwa. Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, jirani yetu huku Bungoma, alikamatwa 1948 akapelekwa Lamu. Lamu! Mtu wa Mlima Elgon akalishwe upepo wa bahari. Na mkoloni alipotaka kumhukumu Kenyatta na wenzake alifunga safari mpaka Kapenguria, akawafunga Lokitaung. Alijua kwamba mtu akiwa mbali na watu wake, hata wao wataanza kumzungumzia kama marehemu.

Magereza ya leo si ya mkoloni, sikatai. Lakini lile gari la kuondoka usiku bila kumwambia mke ni lile lile.

Mkulima_Kitale

Mzee, Masinde alifungwa kwa siasa. Tusiwachanganye na waliomwaga damu.

Mzee_wa_Kimilili

Kweli mwanangu. Mtu ni tofauti. Mke aliyeachwa ni yule yule.

Msaidizi_wa_Sheria_Ksm

@Kondele_Juu hapa kwetu huanzi na kesi. Unaanza na barua. Kaka mwenyewe anaomba kupitia mkuu wa gereza alipo, na ninyi familia mnaandika kwa Kamishna Mkuu wa Magereza, Nairobi, barua zikitajana. Msilete hadithi ndefu. Leteni karatasi: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya daktari kuhusu presha ya mama, barua ya chifu inayothibitisha familia inaishi wapi. Mkienda kwa afisa wa watoto akaandika jinsi watoto walivyoathirika, karatasi hiyo moja ina uzito kuliko kurasa tatu za machozi.

Mkikataliwa kwa mdomo, ombeni sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinampa haki hiyo mtu yeyote ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi ya umma, na kuna Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inayoeleza utaratibu. Hapo ndipo maafisa wengi wanashtuka, kwa sababu kuandika sababu maana yake ni lazima kuwe na sababu. Mkikaliwa kimya, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ina ofisi Kisumu, na kupeleka lalamiko ni bure. Mahakama Kuu, kupitia Kifungu cha 22, iwe ya mwisho. Tena mtu mwingine anaweza kwenda kwa niaba ya asiyeweza, hata mtoto.

Msimpe mtu yeyote pesa "aharakishe". Nimeona familia ikiuza shamba kwa dalali aliyesema anamjua mkubwa fulani makao makuu.

Nyar_Ahero

Naomba niongeze ya wanawake, maana huwa tunasahauliwa kwenye mada hizi. Magereza ya wanawake ni machache kuliko ya wanaume, kwa hivyo mwanamke akifungwa, kupelekwa mbali ni karibu jambo la kawaida. Dada yangu aliingia na mtoto mchanga. Sheria inaruhusu mtoto kukaa na mama ndani hadi miaka 4. Alipofikisha umri alikuja kwetu Ahero. Mtoto aliyelala kifuani kwa mama kila usiku wa maisha yake anatolewa, halafu mama yuko umbali wa siku nzima. Miezi ya kwanza alikuwa anasimama mlangoni jioni akingoja kuhesabiwa. Alidhani kila nyumba watu wanahesabiwa kabla ya kulala.

Na hakuna anayewatembelea wanawake. Mwanaume akifungwa, mke, mama na dada wanakwenda. Mwanamke akifungwa, mume anaoa.

Msaidizi_wa_Sheria_Ksm

@Nyar_Ahero pole sana. Kuna Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa, za 2010, za wafungwa wanawake, na Kanuni ya 4 inasema hasa hilo: wawekwe karibu na kwao kadiri inavyowezekana, mzigo wao wa malezi ukizingatiwa, na maoni yao yaulizwe.

Bondeni254

Si kulikuwa na mabadiliko wakati wa Moody Awori? Mzee wetu wa Funyula alipokuwa Makamu wa Rais jela zilifunguliwa milango, wafungwa wakapata magodoro na TV. Hiyo roho iliishia wapi?

Afande_Mstaafu

Haikuisha yote. Siku za familia bado zipo katika baadhi ya magereza: watoto wanaingia, wanakaa na mzazi uwanjani bila wavu, wanakula pamoja. Nimeona majambazi sugu wakisuka nywele za binti zao. Lakini siku hiyo inamfaa yule ambaye watoto wake wanaweza kufika. Ilipokuja korona Machi 2020 ziara zikafungwa, simu zikapewa nafasi zaidi, na kwa wenye watu mbali ilikuwa nafuu ya ajabu. Kama kaka yuko Pwani na haiwezekani kumsogeza leo, ombeni simu ya mara kwa mara yenye siku maalumu. Hilo mkuu wa gereza analiweza bila kungoja Nairobi.

Sasa @Mwana_Mumias, nikuulize kitu ambacho hakuna aliyeuliza. Kaka mwenyewe anataka kurudi huku?

Mwana_Mumias

Afande umenigusa pabaya. Nilimuuliza juzi alipopiga. Akanyamaza kidogo, akasema anataka, lakini si sasa. Huko yuko karakana ya useremala na anasubiri mtihani wa gredi. Anaogopa akihamishwa kabla ya mtihani ataanza upya, au atakuta gereza jipya nafasi za karakana zimejaa. Mama hajui hili. Nikimwambia atasema mwanawe amechagua mbao.

Mama_Kibanda_Nakuru

Mwambie. Mama wa hivyo nimeona wengi, wanaumia zaidi wasipoambiwa.

Afande_Mstaafu

Basi barua isiombe ahamishwe "mara moja". Iombe ahamishwe baada ya mtihani, na itaje ufundi wake, ili apelekwe penye karakana. Ombi la hivyo linasomwa vizuri kwa sababu linaonyesha mtu anajirekebisha, na linampa afisa muda wa kutafuta nafasi. Wakati huo huo ombeni simu.

Jingine: msitaje gereza moja tu. Mkiandika Kakamega peke yake na Kakamega imejaa, jibu ni hapana na faili linafungwa. Andikeni gereza lolote la Magharibi au Nyanza linalofaa kifungo chake.

Mwana_Mumias

Asante sana nyote. Jumatatu naenda kwa chifu, kisha hospitali kwa ile barua ya presha. @Msaidizi_wa_Sheria_Ksm barua ya Kamishna iwe kwa Kiingereza au Kiswahili? Mama anataka aandike mwenyewe.

Msaidizi_wa_Sheria_Ksm

Zote ni lugha rasmi. Mama aandike kwa Kiswahili, aweke sahihi au kidole, chini yake jina na namba ya kitambulisho. Wewe andika ya maelezo na viambatisho. Tengeneza nakala tatu, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yako kabla hujaondoka pale kaunta.